Kufoka Nako ni Kutunga

Kila palipo na mkutano wa wazazi, na hasa panapozungumzwa malezi ya vijana, hapakosi mtu wa kuinuka na kuutaja muziki wa kufokafoka kuwa miongoni mwa maradhi ya zama hizi. Ataanza na suruali zinazovaliwa chini ya kiuno, atafuatia na kofia zilizogeuzwa kisogoni, atapitia kwenye bangi, na mwisho atauliza ni lini serikali itaupiga marufuku muziki huo ambao, kwa maneno yake, si wetu. Watu hupiga makofi. Sisi hatumo miongoni mwa wapiga makofi hao, na leo tunapenda kuwaeleza ndugu wasomaji kwa nini hatumo.

Tuanze na hilo la "si wetu", kwa kuwa ndilo lenye uzito. Ni kweli kwamba muziki huu, ambao wenyewe huuita hip hop, ulizaliwa Marekani, katika wilaya ya Bronx mjini New York. Tarehe 11 Agosti 1973 msichana mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi katika ukumbi wa jengo walimokuwa wakiishi, namba 1520 Sedgwick Avenue, na kaka yake Clive, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Kingston, Jamaika. Wasichana walilipa senti 25 kuingia na wavulana senti 50, na shabaha ya dada huyo ilikuwa kupata fedha za kununulia nguo za kufungulia shule. Tunawaomba wazazi wasimame kidogo hapo. Muziki huu wanaodai unawatoa watoto shuleni ulianza katika shughuli ya kutafuta nguo za shule.

Bronx ya miaka ile haikuwa Marekani ile inayoonekana katika sinema. Barabara kuu ilikuwa imepasuliwa katikati ya makazi ya makabwela, majumba yalikuwa yakiteketea kwa moto mtaa baada ya mtaa, na vijana wasio na kazi walijikusanya katika magenge yaliyopigania vichochoro. Desemba 1971 genge la Ghetto Brothers lilimpoteza mpatanishi wake, Cornell Benjamin, aliyeuawa alipokwenda kusuluhisha ugomvi wa wenzake. Kila mtu alingojea kisasi. Wenyewe badala yake wakawaita viongozi wa magenge katika mkutano mmoja pale Hoe Avenue, wakafunga mapatano ya amani. Mapatano hayo hayakumaliza uhalifu, wala hatutaki kudai hivyo, lakini yalisaidia kijana wa mtaa huu aweze kuvuka kwenda kucheza dansi katika mtaa ule. Ndipo ikawezekana kwa santuri za Herc kupata wasikilizaji, na ndipo vijana wakaanza kushindana kwa maneno na kwa miguu pale walipozoea kushindana kwa visu. Chimbuko ni hilo. Aliyeupeleka muziki huu baadaye kwenye magari ya kifahari na mikufu ya dhahabu ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hakuwapo Sedgwick Avenue usiku ule.

Hata hivyo hoja ya wazee haijibiwi kwa historia ya Marekani peke yake. Yatupasa tujiulize: kitu cha kigeni hugeuka lini kikawa chetu? Hapa Tanga hatuna ruhusa ya kujifanya hatujui jibu. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zilizoupa mji huu jina katika Afrika Mashariki nzima, zilipiga mitindo ambayo asili yake ni Kuba, iliyotufikia kwa sahani za santuri na kwa njia ya Kongo. Gitaa halikuota Amboni, wala saksafoni haikuchongwa Pangani. Lakini leo mzee wa Ngamiani akisikia wimbo wa Atomic humwambia mjukuu wake, "Huo ndio muziki wetu." Uliupataje uraia? Uliupata pale watunzi walipouvika Kiswahili, wakauimbia mapenzi ya watu wa hapa, misiba ya watu wa hapa na mambo ya taifa la hapa.

Na tukumbuke pia upande wa pili. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwaka uliofuata, 1969, muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Hoja zilikuwapo, kwani taifa lilikuwa changa na kasumba ya mkoloni ilikuwa haijakauka. Lakini marufuku ile haikutuzalia hata wimbo mmoja. Nyimbo zilizotujenga katika miaka ile zilitoka kwa wale walioachwa watunge.

Muziki wa kufoka ulipoingia nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliingia kwanza katika nyumba zenye uwezo, kwa vijana waliokuwa na jamaa ng'ambo wa kuwaletea kanda, nao walifoka kwa Kiingereza cha kuiga, wakiyataja maisha ya New York ilhali wamelala Upanga na Oysterbay. Laiti ungebaki hapo, kalamu yetu ingekuwa upande wa wale wazee. Haukubaki. Saleh Jabir alichukua mdundo wa wimbo uliokuwa ukivuma wa Mmarekani Vanilla Ice, akautilia maneno ya Kiswahili, na watu wakashtuka kuona kwamba kumbe inawezekana. Mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit. Kutoka Mbeya akaja Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II na baadaye Sugu, kijana asiye na baba tajiri, akifoka Kiswahili cha mitaani kuhusu njaa, kazi na kudharauliwa. Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilikuwa imekwisha fungua mlango kwa redio za watu binafsi, na Radio One ilipoanza mwaka 1994 nyimbo hizo zikapata pa kupitia. Kadiri Kiingereza kilivyopungua ndivyo wasikilizaji walivyoongezeka. Vijana wenyewe, bila ya amri ya wizara yoyote, waligundua kwamba lugha yao ndiyo mtaji wao.

Hapa tutasita, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha tunayotaka kusema.

Mtu akisikia neno kufoka hudhani ni kupiga makelele. Sisi tuliokalishwa mkekani chuoni kabla ya kupelekwa katika shule ya serikali tunasikia kitu kingine. Maulidi ya Barzanji, yanayosomwa katika mji huu kila ufikapo mwezi wa Mfunguo Sita, hayakutungwa kwa mizani ya shairi. Ni nathari ambayo kipande baada ya kipande huishia kwa sauti ileile, na sikio la msikilizaji hulisubiri lile kina kama mtu anayesubiri wimbi lirudi ufukoni. Waarabu waliipa nathari ya namna hiyo jina lake tangu kale. Hatulinganishi ibada na ngoma, na atakayetusoma hivyo atakuwa ametusingizia. Tunazungumzia umbo la maneno. Maneno yanayotembea bila ya mizani huku yameshikwa mkono na kina si mageni katika pwani hii, na kijana afokaye chini ya mwembe huko Chumbageni, ajue asijue, anafanya kazi ambayo masikio ya babu zake yalikwisha izoea.

Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka ugomvi mkubwa wa washairi. Kaluta Amri Abedi alichapisha mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na wengi wakashikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake, Kichomi, iliyovitupilia mbali vyote viwili, na wino mwingi ukamwagika katika magazeti na vyuoni, huyu akimwita mwenziwe mhafidhina na yule akimwita mwenziwe mharibifu. Basi tazama alikosimama mfokaji katika ugomvi huo. Mizani ameiacha kwa ngoma, kwa kuwa ngoma ndiyo imhesabiayo. Lakini vina amevishika kwa meno, na aghalabu huvipanga mwishoni mwa mstari, katikati na hata neno kwa neno, kiasi ambacho mshairi wa kale angekiona ni ulafi. Kundi la vijana wasiosomeshwa ushairi limeirudisha heshima ya kina katika wakati ambapo wasomi wengi walikuwa wamekwisha kuiaga.

Na kina si jambo dogo katika malezi. Kijana anayetafuta neno linalokubaliana na "haki" hulazimika kuyapitia maneno yote ayajuayo, na yakimwishia huuliza wakubwa au hufungua kamusi. Akilipata neno, lazima liwe na maana pale alipoliweka, la sivyo wenziwe watamcheka hadharani. Kisha beti zote azihifadhi moyoni, kwa maana katika jukwaa hakuna karatasi. Mwalimu gani asingependa mwanafunzi wa namna hiyo? Tena yapo yale mashindano wanayoyaita mitindo huru, ambapo wawili husimama ana kwa ana na kutunga papo kwa papo, kila mmoja akimjibu mwenziwe kwa alilolisema sekunde chache zilizopita. Mwaka 2004 Selemani Msindi wa Morogoro, yaani Afande Sele, alitawazwa mfalme wa vina baada ya shindano lililofuatwa na nchi nzima. Muyaka wa Mombasa na washairi waliojibizana naye karne mbili zilizopita wangeuelewa mchezo huo bila ya mkalimani. Kanuni yake ni kwamba unayeshindwa unashuka jukwaani, na hukumpiga mtu wala hukupigwa. Kwa kijana wa miaka 17 mwenye damu ya moto, hilo ni somo lisilopatikana kwa kuhubiriwa.

Zipo lawama kuhusu lugha, kwamba vijana hawa wanakiharibu Kiswahili sanifu. Baraza la Kiswahili lina kazi yake, nasi tunaiheshimu. Lakini hata neno "Bongo", wanaloliitia nchi yao, limetokana na ubongo, likimaanisha mahali ambapo pasipo akili hapaishiki. Mtu asiye na mapenzi na lugha hawezi kubuni neno kama hilo. Lugha ya mitaani hupita kama nguo za msimu. Yaliyo bora yatabaki na kuingia katika kamusi, mengine yatasahauliwa na walewale waliyoyatunga.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe linalowachoma baadhi ya wakubwa, ingawa hawalitaji wanapolalamikia suruali. Mwaka 2001 Joseph Haule, yaani Profesa Jay, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa na kundi la Hard Blasters katika albamu ya Funga Kazi, alitoa albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu. Ndani yake mna wimbo uitwao "Ndiyo Mzee". Mwanasiasa yuko jukwaani akiomba kura. Anaahidi. Ahadi zinapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka zinafika kwenye mambo ambayo hayawezekani kwa binadamu, na kwa kila ahadi umati unamwitikia kwa maneno yaleyale mawili yaliyoupa wimbo jina.

Sisi tuliosoma shule za msingi zamani tulifundishwa ngonjera. Mathias Mnyampala ndiye aliyeziendeleza na kuzitumia kueneza mafunzo ya Azimio la Arusha, na mtindo wake ulikuwa huu: mmoja anasema, mwingine anapinga, wanabishana kwa ubeti, na mwishoni asiyejua anaelimishwa na kukubali. Wimbo wa "Ndiyo Mzee" ni ngonjera iliyopinduliwa. Hapa hakuna anayebisha. Wote wamekubali tangu ubeti wa kwanza, na kwa sababu wamekubali, mwenye kusema hana sababu ya kusema kweli. Msikilizaji aliye nje ya wimbo ndiye pekee anayebaki na kazi ya kubisha. Wimbo ule uliimbwa katika daladala, katika vijiwe, katika mabweni ya shule za sekondari, na sisi tuliokuwa tukipanda majukwaani katika kampeni zilizofuata tuliona mabadiliko kwa macho yetu. Ukiahidi barabara kwa sauti kubwa mno, huko nyuma ya umati kijana mmoja alipaza sauti, "Ndiyo mzee!" na mkutano mzima ukaangua kicheko. Kuanzia hapo ilibidi mtu aseme barabara ipi, kutoka wapi hadi wapi, na fedha zitatoka katika fungu gani.

Tunawauliza wakuu wa siasa kwa dhati: je, semina ngapi za uraia zingetupatia wananchi wa namna hiyo?

Kutoka mkoani kwetu walitokea vijana wawili, Mkoloni na Dokta John, waliojiita Wagosi wa Kaya, yaani waume wa nyumbani, kwa lugha za milima na nyika zetu. Waliuliza katika "Tanga Kunani" swali ambalo kila aliyewahi kufanya kazi kiwandani mjini hapa alikuwa nalo kifuani: mji uliokuwa na viwanda, mkonge na bandari yenye pilikapilika, umepatwa na nini? Katika "Wauguzi" walilalamikia jinsi baadhi ya wahudumu wa hospitali wanavyowatendea wagonjwa. Walisema kwa lafudhi ya Tanga, kwa mzaha wa Tanga, na nchi nzima ikawasikiliza. Tangu lini kijana wa Tanga aliona haya kusema "mgosi" akiwa Dar es Salaam? Baada ya Wagosi haya hiyo ilipungua sana.

Kutoka Muheza akatokea Hamis Mwinjuma, yaani MwanaFA, na wimbo wake wa "Alikufa kwa Ngoma". Vijana wa wakati ule waliuita UKIMWI "ngoma". Wasomaji wakumbuke hali ilivyokuwa: dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijaanza kutolewa bure, jambo lililokuja mwaka 2004, na matanga yalikuwa hayaishi. Msemaji wa familia aliposimama makaburini alisema marehemu ameugua kwa muda mrefu, akaketi. Watu wazima walilifunika jina la ugonjwa kwa kanga. Vijana wakalifunua, wakalitia mdundo, na mtoto akaweza kuliimba mbele ya baba yake jambo ambalo baba asingethubutu kumwambia mtoto. Hatuna kipimo cha kuonyesha ni wangapi waliookolewa na nyimbo za namna hiyo. Tunachojua ni kwamba ukimya ulivunjwa, na waliouvunja hawakuwa sisi wenye vipaza sauti vya ofisi.

Wanaosema kwamba mwimbaji hana haki ya kuwagusa wakubwa wamesahau historia yao wenyewe. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia duni, aliimba miaka mia moja iliyopita juu ya wizi, hukumu za upendeleo na mauaji ya mwanamke ambaye muuaji wake alitoroka huku mashahidi wakifungwa. Nyimbo zake ziliingia katika sahani za santuri huko Bombay kuanzia mwaka 1928. Na ni nani aliyeona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kuandikiwa kitabu? Ni Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, Tanga, ambaye hakuna mpiga makofi wa mikutano ya wazazi anayethubutu kumpinga.

Hatusemi kwamba kila kinachofokwa ni dhahabu. Zipo nyimbo zinazomtaja mwanamke kama bidhaa ya dukani, na mtunzi wa nyimbo hizo tunamwambia wazi kuwa ni mvivu, kwa maana kumtukana asiye na kipaza sauti ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Akina Zay B na Sister P walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba msichana naye akikishika kipaza sauti hicho ana la kujibu, lakini hadi leo jukwaa ni la wavulana mno, na wazazi wanaomficha binti ndani wana sehemu yao katika hilo. Bangi ipo pia. Ilikuwapo katika mkonge kabla ya santuri ya kwanza, nasi hatutaitetea.

Lakini dawa ya wimbo mbaya ni wimbo mzuri, na dawa ya wimbo unaouma ni kujibu hoja. Machi 2017 Emmanuel Elibariki, yaani Nay wa Mitego, alikamatwa na polisi kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Siku iliyofuata Waziri wa Habari, Dakta Harrison Mwakyembe, alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo huo, na kijana akaachiwa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Sisi tuna neno la kuongeza. Si vyema uhuru wa mtunzi uning'inie katika sikio la mtu mmoja, hata akiwa mkuu wa nchi, kwa kuwa si kila wimbo utamfikia na si kila mara atakuwa na nafasi ya kusikiliza. Siku chache tu baada ya hapo, mwanzoni mwa Aprili mwaka huohuo, mwanamuziki Roma na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana katika studio jijini Dar es Salaam, wakaonekana tena baada ya siku tatu wakiwa na majeraha. Taifa ambalo vijana wake hushindana kwa vina badala ya visu halipaswi kuwaonyesha kwamba wakubwa wao ndio waliorudi kwenye visu.

Naye aliyefundishwa kusema mbele za watu husema popote. Joseph Mbilinyi alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Joseph Haule akawa Mbunge wa Mikumi mwaka 2015, wote wawili kwa tiketi ya CHADEMA. Hamis Mwinjuma alichaguliwa Muheza mwaka 2020 kwa tiketi ya CCM, na Februari 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Msomaji atawapima kwa kazi zao na kwa itikadi yake. Sisi tunalotazama ni jingine: vyama vinavyopingana vilikwenda kutafuta wagombea mahali pamoja, katika muziki ambao wazee waliuita wa wahuni. Yule aliyeimba kuhusu mgombea mwenye ahadi nyingi akawa mwenyewe mgombea, na bila ya shaka wapo wapiga kura wa Mikumi waliomkumbusha wimbo wake.

Kwa hiyo maombi yetu kwa halmashauri za mkoa huu ni machache na hayana gharama kubwa. Maofisa utamaduni wawaingize wafokaji katika mashindano ya ushairi ya shule, si kama burudani ya kupumzikia bali kama watunzi, na waamuzi wawe ni malenga wetu wenye kujua vina. Walimu wa Kiswahili wawaruhusu wanafunzi kuleta beti zao darasani, wazichambue kwa ukali uleule wanaozichambulia tungo za vitabuni. Vijana wafundishwe Sheria ya Hakimiliki ya 1999 kabla hawajatia saini karatasi yoyote, maana wako wengi ambao nyimbo zao zilijulikana nchi nzima ilhali wao wakipanda daladala kwa kukopa nauli, na aliyenufaika ni msambazaji. Unyonyaji huo ndio tungependa kusikia ukilaaniwa katika mikutano ya wazazi.

Na mwisho, wapewe mahali. Hivi sasa wanakutana chini ya miti na nyuma ya maduka, ambako polisi huwafukuza kwa kosa la uzururaji na muuza bangi huwakaribisha. Katika kata nyingi ukumbi umejengwa kwa nguvu za wananchi, nao hukaa umefungwa kuanzia mkutano mmoja hadi mwingine, popo wakiishi ndani. Funguo zake ziko kwa watendaji wa kata. Tunawaomba wazitoe Jumamosi alasiri.